Ng'ombe wa Dokta Pembe

Wale mnaonisimamisha sokoni Kamembe mkitaka kujua kama nilimrudisha yule kijana Gitambi pamoja na ng'ombe wake, leo nawajibu. Ila mkishasoma, mje dukani kununua godoro, msije kunitazama usoni.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: mimi ni Kayitare. Siku za kazi nauza magodoro. Siku za harusi nasifu ng'ombe, na kazi hiyo ndiyo iliyonipa jina kuanzia Nkanka hadi Rwimbogo. Binti yangu Gaju aliniletea mchumba, Héritier, daktari wa mifugo, kijana mpole anayejua ugonjwa wa kila ng'ombe wa Gitambi. Nilifurahi kama mjinga. Msifu ng'ombe apate mkwe mganga wa ng'ombe, atake nini tena? Nikatoa neno langu, na siku ya gusaba ikapangwa, siku ambayo watu wa mvulana huja kumwomba msichana mbele ya wageni.

Halafu nikapeleka godoro kwenye baa moja Nkanka, nikakuta picha yake ukutani. Miwani ya jua, mnyororo shingoni, na chini yake jina: Dokta Pembe. Mkwe wangu ni rapa.

Hilo ningelimeza, labda, kwa maji mengi. Lakini kuna ule wimbo wake, mnaujua, maana nyinyi ndio mnaoupiga kwenye simu zenu nikipita. Kuna mzee anauza usingizi mchana, Jumamosi anauza ng'ombe kwa mdomo, kwake hana hata mbuzi, mazoezi anafanyia bafuni, fimbo yake ni ufagio. Mji mzima ukacheka. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba habari ya ufagio ni kweli. Niliapa hapa hapa gazetini kwamba nitamjua aliyepeleka siri ya bafu yangu nje.

Sasa nieleweke. Sichukii vijana. Nachukia rap. Kusema haraka si kuimba. Ingekuwa kusema haraka ni kuimba, basi wauza mitumba wa pale sokoni wote wangekuwa na picha ukutani. Hawa watoto hawapigi chombo, hawana sauti, wanaiachia mashine ngoma na wao wanapunga mikono kama wanafukuza nzi. Mmoja anajisifu gari, na umemwona asubuhi akibishana na mtu wa pikipiki. Mwingine anajisifu jela, na mama yake anajua hajawahi kulala nje ya nyumba. Huo ndio muziki wao: uongo uliotiwa kasi.

Kumkataa kijana hadharani sikuweza. Neno lilikwisha kutoka, mke wangu alikwisha kushonesha mishanana, yale mashuka ya heshima ya siku kama hiyo, na mama yangu alikuwa amemwambia kila mtu kanisani. Nikatafuta mlango wa nyuma, na mila yenyewe ikanionyesha.

Kwetu, upande wa msichana hutuma mtu wao kwenda kuwaona ng'ombe wa mahari. Akirudi akiwasifu mbele ya wageni, ng'ombe wamepokelewa na msichana ametolewa. Hakuna wa kurudi nyuma baada ya hapo. Akirudi kimya, wageni hufunga mkutano, huchukua ng'ombe wao, wakaenda. Baba wa msichana yeye hasemi kitu siku hiyo. Anavaa vizuri, anakaa, anasemewa.

Nikamwita binamu yangu Tuyishime, mfugaji wa Rwimbogo, nikamwambia: nenda uwaone, rudi, funga mdomo. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia nina uhakika. Hapo ndipo tulipoishia.

Basi siku ikafika.

Asubuhi, kabla ya wageni, viti vikipangwa chini ya hema uani kwangu, mke wangu Nabintu alikuja na kitambaa cha kufuta viti. Sherehe zetu huendeshwa kwa Kinyarwanda, lakini nyumba yetu ikianza kugombana inarudi yenyewe kwenye Kiswahili cha Bukavu, tulikokulia.

"Papa Gaju," akasema, "hiyo sura unavaa leo, ni ya harusi ao ya maziko?"

"Ya muntu banamuletea rapa nyumbani," nikamjibu.

"Kumbe shida ni rap. Mais ile yako wewe ni nini? Unasimama, unasema mbio mbio, unajisifu ngombe ya bantu, bantu banapiga makofi, unabeba enveloppe. Ata mbuzi hauna."

Nikamkazia macho. Hana hata mbuzi: maneno yale yale ya wimbo. Nikaanza kuelewa siri ya bafu ilitokea kinywa gani.

"Ile yangu babu yangu alimuachia baba yangu," nikasema. "Baba yangu aliniachia miye. Ile ya kwao iliachiwa na nani? Na télévision."

"Bote muko na makelele, wewe na beye," akasema Nabintu. "Muziki ni gitaa. Muntu apige gitaa polepole, muntu acheze. Ile ingine ni kubishana na mikro."

Mzee Nsengiyumva, niliyemchagua kuwa msemaji wetu, alikuwa ameketi tayari na fimbo yake katikati ya magoti. Yeye nilimtegemea. Ni mzee wa kanisa, na mtu wa kanisa hawezi kuniangusha kwenye jambo la rap.

"Rap ni ya shetani," akasema, nikatikisa kichwa kwa furaha. "Mais mutoto wa mutoto wangu anaimbaka ile ya Injili. Anaweka mafungu ya Biblia ndani. Batoto benzake sasa banakuya kanisani. Donc, miye sijue tena."

Hivyo ndivyo wazee wa siku hizi walivyo. Ukiwaegemea wanasogea.

Mama yangu Mukankusi ndiye aliyenimaliza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, anachambua maharagwe kama hasikii.

"Baba yako," akasema bila kuinua uso, "ile siku alinioa, alisimama mbele ya bantu akajisifu yeye mwenyewe. Ati ameua simba. Simba gani, Kayitare? Baba yako alikuwa anaogopa ata mbwa wa jirani. Na alisema mbio, mbio, ata pumzi hakukamata. Nilimupenda ile saa ile."

"Maman, ile ilikuwa kwivuga. Ni mila."

"Sijue jina. Nayuwa tu alidanganya muzuri."

Nikaenda kubadilisha kiti changu mahali. Nilitaka kukaa pale ambapo ningewaona ng'ombe watakapofungwa nje ya ua, maana hata kama nimewakataa, macho ni macho. Sikujua bado kwamba kiti hicho nimekiweka juu ya waya wa umeme.

Wageni wakaja saa za mchana, na hawakuja kama watu. Waliingia na sono, mashine yao ya muziki na spika zake. Rafiki mmoja wa Héritier, Jules, kijana mwembamba mwenye nywele zilizochorwa mistari, alikuwa ameunga spika zake kwenye ralonji, waya mrefu wa umeme uliotoka jikoni kwetu, na wazazi wa Gitambi wenye heshima zao, mashuka begani, wakapita langoni mwangu kwa mdundo wa dum-ta-ta-dum. Baba mmoja mnene alikuwa anatingisha bega. Nilimtazama mpaka akaacha.

Hapo ndipo nilipohisi kitu chini ya kisigino. Nikainama kidogo kama mtu anayekuna mguu. Maungio ya ralonji, plagi ya waya mmoja imechomekwa kwenye tundu la mwingine, yalikuwa yamelala kwenye nyasi chini ya kiti changu.

Mungu hasahau watu wake. Nikaweka kisigino, nikasukuma.

Kimya. Kimya kitamu, jamani, kimya cha ziwani. Jules akapiga spika, akapiga mashine yake, akazunguka nyuma ya hema akifuata waya, akarudi. Nilimwonea huruma kidogo tu, kiasi cha kutosha kuficha kicheko. Mama yangu peke yake alitazama kiatu changu, kisha akanitazama mimi, kisha akaendelea kunywa maji yake.

Wasemaji wakaanza. Msemaji wao alikuwa Nshimiyimana, mwalimu mstaafu wa Gitambi, mtu wa maneno laini. Mzee wetu Nsengiyumva akamsumbua ipasavyo: nyinyi ni nani, mmepotea njia, hapa hakuna msichana, tunao wavulana watupu. Watu wakacheka mahali pa kucheka. Héritier aliketi katikati yao kwa adabu, mikono juu ya magoti, bila miwani, bila mnyororo. Ungemwona ungesema huyu hawezi kumtukana hata inzi. Huo ndio unafiki wa hawa watu: jukwaani simba, ugenini kondoo.

Sefu, fundi cherehani, jirani yangu Mwislamu, aliyekuwa kiti cha pili kutoka kwangu, akanong'ona: "Papa Gaju, kijana haiko mubaya."

"Ungeoza binti yako kwa rapa?" nikamnong'oneza.

"Wa kwangu aliolewa na muntu wa kaswida. Sauti ya kuliza bantu. Haamuki mbele ya saa sita, kazi hataki." Akanyoosha kanzu yake. "Ningepata wa ngombe miye, ata angeimba na puani."

Mtu anayekushauri kwa msiba wake huwezi kushindana naye.

Wakafikia mahali penyewe. Nsengiyumva akasema: "Tumewasikia. Tutume mtu wetu akawaone ng'ombe."

Tuyishime akasimama, akatoka langoni. Ng'ombe wawili walikuwa wamefungwa kwenye mti wa parachichi wa jirani, na mimi niliwaona vizuri kutoka kitini. Mmoja mweusi na mabaka meupe, ng'ombe wa maziwa, amekatwa pembe, mgongo umenyooka. Wa pili wa kahawia, pembe ndefu zilizopinda kwa nje, wale wa zamani ambao siku hizi unawatafuta mpaka unachoka. Alikuwa mtamba, hajazaa hata mara moja. Kiwele chake kilikuwa kidogo kama ngumi ya mtoto. Alikuwa na jicho la kujivuna. Niseme ukweli: nilimpenda.

Nikageuza uso. Kijana mwenye ng'ombe kama yule angetunga wimbo wa kunidhihaki kwa nini?

Tuyishime akarudi. Akasimama katikati ya hema. Watu wote wakakaa sawa kumsikiliza.

Akafunga mdomo, kama nilivyomwambia.

Mwanzoni walidhani anavuta pumzi. Kisha wakaanza kutazamana. Nsengiyumva akamtazama Tuyishime, Tuyishime akanitazama mimi, na mimi nikatazama dari ya hema kama mtu anayehesabu mishono. Nabintu, upande wa wanawake, aliweka mkono kifuani. Ndani ya nyumba, kwenye dirisha la chumba ambako Gaju alikuwa anasubiri kuitwa, pazia likatikisika.

Nilishinda. Kidogo tu, wageni wangesimama, na Dokta Pembe angerudi Gitambi kutunga wimbo wa machozi yake mwenyewe.

Nshimiyimana akasimama taratibu. Hakuonyesha hasira.

"Wenzetu," akasema, "tunaona mtu wenu amepotewa na maneno. Hutokea, ng'ombe wazuri humshangaza mtu. Kama mnaturuhusu, tunaye kijana wetu anaweza kumkumbusha."

Nsengiyumva, badala ya kukataa, akasema: "Tunaruhusu." Nimekwisha kuwaambia kuhusu wazee wa siku hizi.

Na aliyesimama ni Jules.

Hakuwa na mikro, na sono nilikuwa nimeiua mwenyewe. Akaja katikati, akapiga kofi moja, mawili. Vijana wa nyuma wakageuza makasha ya soda wakaanza kuyagonga kwa viganja. Na yule wa nywele za mistari akaanza kuwasifu ng'ombe kwa rap.

"Wewe mweusi mweupe, tembea polepole, barabara ya Gitambi yote inakungoja. Pembe walikukata, jina hawakukata. Ukipita dukani wenye magodoro wanaamka."

Watu wakacheka wakinigeukia. Sefu akacheka, akajifanya anakohoa. Na mama yangu mzazi, Mukankusi, mwenye mguu mbaya, alikuwa anapiga kofi kwenye goti.

Wazee wawili wa upande wao walikunja uso. Mmoja akasema kwa sauti kwamba ng'ombe si mpira, hawashangiliwi hivyo. Mwingine akamjibu amwache mtoto, mbona maneno yanasikika. Wakaanza kubishana, baba na baba, bibi harusi mtarajiwa akiwasikia dirishani. Mimi nilikuwa natabasamu. Acha waharibu wenyewe, nilijiambia. Mimi nimenyamaza, mtu wangu amenyamaza, ng'ombe hawajapokelewa.

Kisha Jules akamgeukia yule wa kahawia.

"Na wewe wa pembe ndefu, mama wa ndama, ndama wanakulilia nyumbani, mama wa ndama."

Makasha yakapoteza mdundo. Mama yangu akaacha kupiga kofi. Nsengiyumva akakohoa kikohozi kirefu.

Nyinyi msiokulia kwenye mambo haya mtaniuliza, kuna nini? Kuna hili. Siku ya gusaba, ukimtaja ng'ombe wa mahari, macho ya watu yako kwa msichana. Ukimwita mtamba mama wa ndama mbele ya wageni, umesema msichana wa nyumba hii alikwisha kuzaa. Umesema Gaju wangu analeta mtoto wa mtu kwa wakwe. Hakuna msifu aliyefundishwa anayeweza kukosea hivyo, ndiyo maana haya mambo huwa hatuwapi watu wa mistari kichwani.

Damu ilinipanda. Sikumbuki kusimama. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa katikati ya hema na mkono wangu uko kwenye kifua cha Jules.

"Kaa chini," nikasema. "Yule ni mtamba. Hajazaa. Hajapandwa. Una macho ya kuvalia miwani tu."

"Pardon, Mzee," akasema Jules, akatazama chini.

"Miye si Mzee yako. Mtamba hatajwi hivyo."

"Basi anatajwa namna gani?" Ilikuwa sauti ya Nshimiyimana, laini kama siagi. "Tunaomba kufundishwa. Kijana wetu amekosa, na hatupendi kosa lilale kwenye jina la binti yenu."

Ningeweza kukaa. Nimefikiria jambo hili wiki nzima nikiwa juu ya magodoro yangu, na ninajua ningeweza kukaa. Lakini lile neno lilikuwa limening'inia hewani, mama wa ndama, na lisingeondoka mpaka neno jingine likae mahali pake. Nikampokonya Nsengiyumva fimbo yake.

"Yeye ni asiyeguswa wa malisho ya juu," nikaanza, "mtoto wa majike yaliyokataa kamba. Umande wa Gitambi humwosha kwato kabla ya mtu kuamka. Pembe zake ni mikono ya msichana anayecheza kwao, bado kwao, hajavuka mto wa mtu."

Yowe la wanawake. Jina la Gaju likawa limesafishwa, na hapo ningefunga. Lakini wale watoto wa nyuma wakarudi kwenye makasha yao. Dum-ta-ta-dum.

Nilitaka kuwakemea, ulimi wangu ukakataa. Ulimi wangu ulikuwa umekwisha kupanda juu ya ule mdundo, umekaa vizuri, unakwenda nao. Nikaongeza kasi. Nikamsifu wa kahawia, nikamrudia mweusi, nikamsifu mama yake na bibi yake, na kila nilipofika mwisho wa mstari Jules alipokea neno la mwisho, akalirudisha, nikaondoka na jingine. Maisha yangu yote nimesifu juu ya filimbi inayolala. Naandika hili kwa aibu: nilifurahi. Sijawahi kusifu vile na sidhani nitasifu vile tena.

Nikainua fimbo, nikafunga kama baba yangu alivyonifundisha kufunga, kwenye chumba cha kupanga Bukavu kisichokuwa na ng'ombe hata wa picha:

"Nimewaona kwa macho yangu. Wamefika. Wana kwao."

Vigelegele vilivyopigwa, nadhani walivisikia ng'ambo ya ziwa.

Ni uso wa Tuyishime ulionirudisha duniani. Alikuwa bado amesimama mahali pale, mdomo umefungwa, macho yamemtoka.

"Papa Gaju," akasema polepole, "uliniambiaka nifunge mudomo. Na ya kwako, nani angefunga?"

Nimewaona. Wamefika. Wana kwao. Baba mwenyewe wa msichana, kwa kinywa chake, kwa sauti kubwa kuliko msifu yeyote wa Rusizi, alikuwa amepokea ng'ombe wa rapa. Nsengiyumva alikuwa anakumbatiana na Nshimiyimana. Nabintu analia kwa furaha. Simu zimeinuliwa kila upande, na mimi niko ndani ya zote.

Nikarudi kitini kama mtu aliyepigwa. Héritier akaja kwangu. Akainama mbele yangu, chini kabisa, na nikajiambia, haya, angalau heshima anayo, anapiga magoti. Mkono wake ukapita kando ya kiatu changu. Nikasikia mlio mdogo, tak. Spika zikakoroma, zikaamka.

Alikuwa ameunga waya.

"Pardon, Papa," akasema kwa upole. "Niliona tangu tuliingia. Sikusema."

Alikuwa amekaa pale muda wote, mikono juu ya magoti, anajua, na hakunivua nguo mbele ya watu. Ningempenda zaidi kama angenitukana.

Hapo ndipo mlango wa nyumba ukafunguliwa na Gaju akatoka na wasichana wenzake, amevaa mshanana wa manjano, ushanga kwenye paji la uso. Akatembea ule mwendo wa polepole, akamkumbatia Héritier kama inavyotakiwa, akawasalimia wakwe. Kila kitu sawa. Kisha akapita mbele ya wakwe wote, akaja kwangu, akachuchumaa.

"Papa, usimukasirikie Jules. Nilikusikia ukimuambia Tuyishime afunge mudomo, donc ile 'mama wa ndama' njo miye niliandika. Yeye alikatala, aliogopa. Nilimuambia, Papa yangu atavumilia byote, ile hatavumilia."

Nilidhani sikusikia vizuri kwa sababu ya spika.

"Uliandika?"

"Héritier anaimbaka tu. Maneno ni yangu. Yote, tangu mwanzo."

Yote. Nikaupitisha kichwani ule wimbo, mstari kwa mstari. Muuza usingizi. Hana hata mbuzi. Nikamtafuta Nabintu kwa macho, niliyemshitaki moyoni tangu asubuhi bila hatia.

"Na ufagio?" nikauliza, sauti yangu ndogo.

"Papa," akasema Gaju, "ile bafu nani anafagiaka?"

Akasimama. Jules alikuwa amekwisha kumpa mikro. Bibi harusi hashiki mikro siku ya gusaba, kila mtu anajua, na wazee wale wawili waliokuwa wakibishana wakaanza tena, mmoja akisema hii ni dharau, mwingine akisema acheni tusikie. Mama yangu akasogeza kigoda chake mbele.

"Ule wimbo bantu banacheka nao," Gaju akawaambia wageni, "haukwisha. Kipande cha mwisho sikumupa Héritier. Kile ni cha kuimba miye mwenyewe, mbele ya Papa."

Aliyenicheka mbele ya mji mzima alikuwa damu yangu, na mwisho wa kicheko chake alikuwa nao mkononi. Huenda kipande hicho kingenizika. Huenda kingenifufua. Sikujua, na sikutaka kujua mbele ya wakwe wa Gitambi na simu zote zile. Kisigino changu kilikuwa kimekwisha kurudi chenyewe kwenye nyasi, kikapata yale maungio, kikakaa juu yake.

Mdundo ukaanza. Gaju akaweka mikro mdomoni, akavuta pumzi ile ile ninayovuta mimi, bega la kushoto likipanda kwanza. Kisha akanitazama, akashusha macho mpaka kwenye kiatu changu.

"Papa," akasema, na spika zikalitangaza uani kote, "toa muguu."